Jinsi ya Kuuza Jozi ya Spika za Fundi, Arusha na Moshi

Maswali ninayoletewa kuhusu kuuza spika zilizotengenezwa na fundi, si kiwanda, ni yaleyale. Mtu ameachiwa spika na baba yake, au amezinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama Njiro, au alizipigia randa mwenyewe enzi ana muda. Sasa anataka kuziuza na hajui aanzie wapi. Anapiga picha moja ya usiku, anaandika "spika kali zinauzwa", anasubiri. Zinaingia simu tatu. Ya kwanza inauliza kama zina bluetooth. Ya pili inauliza kama zinaingiza flashi. Ya tatu haina hata salamu: "Bei ya mwisho ngapi?" Baada ya wiki mbili amechoka, anazitoa kwa bei ya sabufa ya mtumba.

Spika ya kiwandani inajiuza kwa jina lililobandikwa mbele. Ya fundi haina jina. Mnunuzi wake lazima aonyeshwe kilichomo ndani, kisha akalishwe kitako azisikie. Karibu kila hatua hapa chini inatumikia hayo mawili.

Na kwa mdomo usiseme "hi-fi". Niliwahi kumwambia mama mmoja wa Kiboriloni kwamba nauza spika za haifai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, kama hazifai unaniletea za nini?" Sema spika za kusikilizia muziki nyumbani.

Andaa hivi kwanza

- Mita ya fundi umeme, hata ile ya bei rahisi. Ukikosa, azima.
- Betri moja ndogo ya rimoti, ya volti 1.5. Betri ya gari isikaribie hapa.
- Bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye skrubu zako.
- Amplifaya nzima unayoiamini, na waya wa kutosha wa pande zote mbili.
- Futi kamba, kitambaa laini, brashi ya rangi iliyo safi na kavu.
- Mizani. Duka la nafaka lililo jirani watakupimia.
- Mtu mmoja wa nyumbani atakayekuwepo siku mnunuzi akija.

Hatua ya 1: Zikague kabla hujakaguliwa

Chomoa nyaya zote. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa terminali nyekundu na nyeusi za nyuma. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na pointi. Usishtuke kwamba namba haifanani na ile iliyoandikwa. Cha kuangalia ni kama kushoto na kulia zinasoma karibu sawa. Ukipata 6.1 na 6.3, endelea. Ukipata 6.1 na 3.4, inaelekea kuna mtu aliwahi kubadilisha wufa (spika kubwa ya besi) upande mmoja. Isiposoma kitu kabisa, waya wa ndani umechomoka au koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua.

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) haionekani kwenye kipimo hiki, kwa sababu kapasita ya krosova (sakiti ya ndani inayogawa besi na sauti nyembamba) inaifungia njia. Ipime kwa sikio: piga muziki kwa sauti ndogo, kunja gazeti liwe bomba, elekeza mdomo mmoja kwenye twita na mwingine sikioni. Utasikia vizuri kama iko hai au imekufa. Twita iliyokufa watu wengi hukaa nayo miaka bila kujua, wanadhani spika zao "zina besi nzuri".

Sasa betri. Gusisha chanya kwenye terminali nyekundu na hasi kwenye nyeusi, mara moja, kama unavyogusa sufuria ya moto. Koni ya wufa, ule uso wake unaocheza, itaruka kuelekea mbele. Ya pili nayo iruke mbele. Moja ikirudi nyuma, nyaya zimegeuzwa ndani. Zirekebishe, la sivyo siku ya kusikiliza besi itapotea na hutajua imekwenda wapi. Onyo: usiguse twita moja kwa moja na betri.

Baada ya hapo tumia vidole. Vizungushe vinne katikati ya koni, isukume polepole bila kuipinda, iachie. Ikienda kimya, safi. Ikikwaruza kama mchanga ndani ya kiatu, koili inasugua kwenye sumaku. Kagua pia ule ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa raba, mara nyingi uko salama. Ukiwa wa sponji, ubonyeze kidogo kwa ncha ya kidole, kwa sababu sponji huoza yenyewe hata spika isipopigwa, na ikishaoza humeguka kama keki kavu.

Malizia na boksi, hasa pembe za chini. Boksi la MDF (mbao za unga uliogandamizwa) likikaa sakafuni kwenye nyumba inayodekiwa kila asubuhi hunyonya maji na kuvimba kama mkate uliolowa. Mninga na mkangazi huvumilia zaidi, ila huweza kupasuka kwenye maungio. Andika kila kasoro uliyoiona, maana utaitaja.

Hatua ya 2: Fungua, piga picha, funga

Hapa ndipo mnunuzi anapopewa lile jina ambalo mbele halipo. Laza spika chali, legeza skrubu za wufa moja, inyanyue taratibu uone nyuma ya sumaku. Ukikuta SEAS ya Norwe, Scan-Speak ya Denmark, Fostex ya Japani, Visaton ya Ujerumani au Lowther ya Uingereza, kaa chini kwanza unywe maji, kwa sababu unachouza si mbao tena. Ukikuta spika za gari zilizovikwa boksi, nazo ni halali kabisa. Useme tu kwamba ni za gari, na kwamba aghalabu huwa za omu 4, ili mtu asije akaunguza amplifaya yake.

Piga picha maandishi ya sumaku, piga krosova, piga unene wa mbao pale kwenye tundu.

Onyo, na hili nimelilipia. Sumaku ya wufa inavuta bisibisi kwa nguvu usiyoitegemea. Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho ya jozi ya mtu, akili iko kwenye bei, bisibisi ikaponyoka na kutua katikati ya koni ya karatasi. Lilikuwa tobo la ukubwa wa punje ya mahindi. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto hukaa juu ya koni kama kifuniko, na wa kulia ndio unaozungusha. Usikaze kupita kiasi pia. MDF ikishalika, skrubu inazunguka bure. Ikitokea, ingiza kijiti cha meno chenye gundi ya mbao kwenye tundu, kisha rudisha skrubu.

Hatua ya 3: Safisha, usitengeneze upya

Vumbi la koni toa kwa brashi kavu. Mbao futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikauke, kisha paka nta ya samani kiasi. Inatosha.

Usipige msasa wala usipake vanishi mpya. Unga wa mbao huingia pale koili inapochezea, na vanishi iliyopakwa haraka haraka humfanya mnunuzi ajiulize unaficha nini. Stili wulu ndiyo mbaya kuliko vyote: vipande vyake vidogo hurukia sumaku na havitoki. Na supagluu isitumike kwenye ukingo wa koni. Inakauka ngumu kama kucha, na ukingo unatakiwa ucheze.

Hatua ya 4: Panga bei

Kazi ya mikono haina soko la mtumba. Inauma, hasa kama ni wewe uliyeranda, lakini hakuna atakayekulipa zile Jumapili zako. Anza na vya ndani: wufa hizo zikiwa zimetumika zinauzwaje, twita je, krosova je. Tuseme, kwa mfano tu, wufa mbili laki mbili na nusu, twita mbili laki moja, krosova elfu hamsini. Hapo una laki nne. Boksi la mninga lililonyooka liongezee laki moja. La plaiwudi lenye madoa usiliongezee kitu.

Basi jozi ni ya laki tano. Itangaze kwa laki sita, moyoni weka tano, na andika mahali bei ambayo chini yake hushuki hata ukiombwa kwa machozi. Iandike kweli, kwenye karatasi. Mtu akishakaa sebuleni kwako na kunywa chai yako, namba za kichwani hulegea.

Hatua ya 5: Picha na tangazo

Piga picha asubuhi, nje au karibu na dirisha, ukuta mtupu nyuma, flashi imezimwa. Mbele, nyuma, ubavuni, sumaku, krosova, na kila kasoro kwa karibu. Weka ndoo ya lita 20 pembeni kwenye picha moja. Hakuna asiyejua ukubwa wa ndoo.

Maneno yawe hivi, ukibadilisha ya kwako:

*Jozi ya spika za fundi za kusikilizia nyumbani. Boksi la mninga, urefu sm 62, upana sm 24, kina sm 30, kilo 14 kila moja. Wufa inchi 6.5, twita ya kitambaa inchi 1, krosova ndani (tazama picha). Omu 8. Zinahitaji amplifaya, hazina bluetooth wala flashi. Kasoro: mkwaruzo wa sm 4 kwenye spika ya kushoto. Zipo Moshi, Rau. Karibu usikilize, njoo na muziki wako. Laki sita, maongezi yapo.*

Bandika Facebook Marketplace, Jiji, na kwenye status yako ya WhatsApp. Ila jozi nyingi nilizouza zilipitia kwa mafundi redio. Fundi anajua nani ameleta amplifaya ya zamani kutengenezewa na hana spika za kuistahili. Mwachie picha kwenye simu yake na muelewane mapema hela yake ya udalali.

Kwaya watakutafuta pia. Waambie ukweli: spika ya sebuleni ukiipeleka ijaze kanisa, mkesha wa kwanza haitauvuka.

Hatua ya 6: Jibu simu

*"Zina bluetooth?"* Zenyewe hazina, lakini kuna kifaa kidogo cha bluetooth unachochomeka kwenye amplifaya, na simu inapiga kama kawaida.

*"Wati ngapi?"* Hapa watu hudanganya, kwa sababu jirani ana sabufa yenye stika ya wati 5000. Wewe mwambie amplifaya ya wati 20 mpaka 60 kila upande inatosha sebule. Akitaka kubishana, mweleze kwamba spika iliyozidi nyingine kwa desibeli 3 za usikivu, yaani sauti inayotoa kwa wati zilezile, inafikia sauti ileile kwa nusu ya wati. Wengi hawatabishana.

*"Bei ya mwisho?"* "Njoo usikilize kwanza, mangi, bei tutaongea tukiwa wawili." Ukitaja namba kwenye simu, hiyo ndiyo atakayoanzia kushusha akifika.

*"Nizichukue nikajaribu nyumbani, Jumatatu nakurudishia?"* Hapana. Niliwahi kukubali. Zilirudi Jumatano, twita ya kulia imekufa, na mwenzangu akasema ilikuwa hivyohivyo.

Hatua ya 7: Msikilizishe

Hii ndiyo siku yenyewe. Fanya maandalizi saa moja kabla, peke yako.

Ziweke juu ya stuli mbili zinazolingana, twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Zitoe ukutani kama nusu mita au zaidi, na usizisukumize kwenye kona. Kona inavimbisha besi. Kati ya spika na spika mita mbili, na kiti cha mgeni mita mbili kutoka kila moja. Kapeti lisaidie kama lipo. Kwenye amplifaya rudisha besi na trebo katikati, zima kitufe cha kuongeza besi. Angalia tena nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili.

Anza na sauti ya mtu mmoja na gitaa, kwa chini. Kama umeunganisha sawa, mwimbaji atasimama katikati, pale ambapo hakuna spika. Mgeni ambaye hajawahi kusikia hilo atainuka kwenda kuangalia umeficha nini nyuma ya pazia. Halafu weka rumba ya zamani yenye gitaa la solo na tumba, halafu kwaya. Baada ya hapo mwachie apige vyake.

Na unyamaze. Kosa kubwa la muuzaji ni kuongea juu ya muziki: "Unasikia hiyo besi? Unasikia?" Anasikia.

Mzee mmoja alikuja kwangu na memori kadi ameifunga kwenye karatasi ya dawa. Nikamwamkia, akaketi, tukapiga wimbo wa kwanza. Akaniashiria nipunguze. Nikapunguza. Akaashiria tena, na tena, mpaka friji ikawa inasikika kuliko muziki. Nikajua nimemkosa. Kumbe mama yake nyumbani ni mgonjwa na analala saa mbili, na alikuwa anatafuta spika ambazo maneno ya wimbo yanasikika hata zikiwa chini namna ile. Alilipa bila kupunguza hata elfu kumi. Tangu hapo kila mgeni namsikilizisha chini kwanza, maana spika mbovu huweza kujificha kwenye kelele.

Juu usifike kwa pupa. Amplifaya ndogo ikilazimishwa huanza kukata sauti, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima amplifaya na rudisha sauti sifuri kabla haujarudi. Ule mshindo wa kurudi kwa umeme umeshanisindikiza mgeni mpaka mlangoni.

Hatua ya 8: Pesa na karatasi

Malipo yawe mchana, mwenzako yupo. Akilipa kwa simu, usiamini meseji, kwa sababu meseji inaweza kutungwa na mtu yeyote. Ingia kwenye menyu mwenyewe (M-Pesa ni *150*00#), uangalie salio kabla spika hazijagusa mlango. Na muelewane mapema kuhusu hela ya kutolea, nani anaibeba. Nimeona biashara ya laki tano ikigombaniwa kwa hiyo.

Kisha andika karatasi ya mauziano, nakala mbili. Majina, namba za NIDA, simu, maelezo ya spika pamoja na kasoro, kiasi, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi. Ongeza: "Zimesikilizwa na kukubaliwa zilivyo." Usione ni urasimu. Kupokea mali ya wizi ni kosa, mnunuzi makini analijua hilo, na vitu vya fundi havina risiti ya duka. Karatasi yako ndiyo risiti.

Hatua ya 9: Akiwa mbali

Arusha na Moshi ni kama kilomita 80 tu. Mshawishi aje asikilize. Akiwa Dar au Mwanza, malipo yakamilike kwanza, na nauli ya mzigo ni yake.

Kata kadibodi ngumu ufunike uso wa kila spika, isiguse koni. Zungushia kipande cha godoro, kisha nailoni, maana mvua ya masika haiulizi kuna nini ndani. Funga kwa mpira wa tairi, si kamba ya katani inayokata kona. Kila moja iwe mzigo wake, uandike "1 kati ya 2" na "2 kati ya 2", na risiti ya basi iseme mizigo miwili. Zisimame wima kwenye buti. Niliwahi kutuma jozi imelazwa, juu yake wakapanga magunia ya viazi, na pembe moja ya mkangazi ikafika imepondeka.

Ukikwama

*Upande mmoja kimya.* Badilishana nyaya za kushoto na kulia kwenye amplifaya. Ukimya ukihamia spika nyingine, tatizo ni amplifaya au waya unaotoka kwenye simu. Ukibaki palepale, ni spika au waya wake.

*Besi haipo, mwimbaji hajulikani yuko wapi.* Nyaya za upande mmoja zimegeuka. Rudi hatua ya 1, betri.

*Zinavuma hata bila wimbo.* Mara nyingi si spika, ni waya kati ya simu na amplifaya. Chomoa waya huo kwenye amplifaya. Uvumo ukiisha, badilisha waya.

*Kitu kinatetemeka kwenye noti fulani tu.* Kaza skrubu kiasi, kagua kitambaa cha mbele, kisha angalia chumba. Mara mbili nimehangaika na spika kumbe ni kioo cha kabati.

*Mtu anataka moja tu.* Usivunje jozi. Itakayobaki hutaiuza.

*Mnunuzi amerudi baada ya wiki, twita imeungua.* Mtolee karatasi, lakini mpokee vizuri, muulize alitumia amplifaya gani na alikuwa na sherehe lini. Msaidie kutafuta twita nyingine kwa gharama yake. Watu hao huleta wanunuzi wengine.

*Miezi mitatu imepita, hakuna aliyekuja.* Shusha mpaka bei uliyoiandika kwenye karatasi, uzitangaze wiki mbili zaidi. Zikigoma, fungua uuze wufa, twita na krosova peke yake kwa mafundi. Mara nyingine hufika hapohapo. Maboksi matupu utabaki nayo. Ya kwangu ya mwisho ya aina hiyo, ya mkangazi, mama watoto aliyaweka jikoni. Anahifadhia vitunguu, anasema yale matundu yanapitisha hewa vizuri.